Naandika kwa jina la mtu, na maisha ninayoyaandika hayapo tena. Mpaka uko wapi?

kalamu_ya_pembeni (mleta mada)

Habari zenu wadau. Kuna jambo linaninyima raha na sina wa kumuuliza, kwa sababu kazi yangu ina mkataba wa kutunza siri, kwa hiyo sitataja jina wala nchi wala kitu chochote kitakachofanya mtu amjue ninayemzungumzia, naomba na nyie msianze kubahatisha.

Kazi yangu ni kuendesha kurasa za watu mitandaoni. Naletewa picha, naandika maneno ya kuambatana nayo, nachagua saa ya kuposti, najibu komenti na naingia mpaka inboksi, na vyote hivyo naviandika kwa "mimi" kana kwamba ni mwenye akaunti ndiye anaandika. Hilo lenyewe sijawahi kuliona baya, maana hata marais wanaandikiwa hotuba na kila mtu anajua. Mteja wangu mkubwa ni dada mmoja anayefundisha mambo ya ndoa. Ana wafuasi wengi, anauza kozi, anaalikwa kuongea, na ukurasa wake wote umesimama juu ya yeye na mume wake, walivyopendana, walivyogombana mpaka wakataka kuachana, walivyovumiliana mpaka mambo yakakaa sawa.

Sasa wameachana kweli. Sio kununiana, ni kila mtu kwake, na wanaojua ni wachache sana, mimi nimeambiwa kwa vile ilibidi nijue picha zipi zisitoke. Maelekezo niliyopewa ni kwamba ukurasa uendelee kama kawaida mpaka kozi mpya imalizike kuuzwa. Kuna folda ya picha za zamani ambazo hazijawahi kutoka, wapo wanacheka kwenye kochi, kuna moja mume anamfunga mkufu shingoni, na kazi yangu ni kuziweka rangi ziendane na picha za siku hizi, kukata ile pembe yenye kalenda ya ukutani inayoonyesha mwaka, halafu naandika "asubuhi ya leo".

Hilo la picha nililimeza ila kilichonikwama ni inboksi. Ameandika mama mmoja, meseji ndefu kweli, anasema alishafungasha nguo zake na za watoto, halafu katika kushikashika simu akakutana na hiyo posti ya mkufu, akakaa kitandani akaisoma, akarudia, mwisho akafungua begi akarudisha nguo kabatini. Anashukuru sana. Anauliza "dada wewe uliwezaje kuvumilia mpaka mkafika hapo?" Na anayetakiwa kumjibu ni mimi, kwa jina la dada, niandike jinsi nilivyovumilia.

Swali langu ni hili. Mtu ana haki ya kuficha kuvunjika kwa ndoa yake, sidhani kama kuna anayebisha. Ana haki pia ya kujipamba mtandaoni, nani hajipambi. Lakini kutoka hapo mpaka kwenye begi la yule mama kuna mahali tumevuka, na mimi nashindwa kupaona ni wapi hasa. Halafu mimi ninayeandika kwa jina la mwingine nabeba nini? Naomba mawazo yenu.

---

Mzee_wa_Hoja

Mleta mada umeandika vizuri ila naona unajitwisha mzigo usio wako. Hakuna mtu anayeishi bila kuigiza kidogo. Erving Goffman, yule mwanasosholojia, alishalieleza hili miaka ya 1950 kabla hata ya kompyuta kuingia majumbani, kwamba binadamu ana sura ya jukwaani na sura ya nyuma ya jukwaa, na kwamba bila huo utaratibu jamii isingeenda. Ofisini uko vile, msibani uko vile, kwa wakwe uko vile. Mtandao haukuleta kitu kipya, umeongeza tu idadi ya watazamaji.

La pili, anachofundisha huyo dada kinaweza kuwa kweli hata kama kwake kimeshindikana. Daktari anayevuta sigara akikwambia sigara inaua, amesema kweli. Na la tatu wahenga hawakukosea, za kuambiwa changanya na zako. Mtu mzima anayeamua kubaki au kuondoka kwenye ndoa yake kwa sababu ya picha ya mkufu ana tatizo ambalo halikuletwa na wewe.

---

Nuru_ya_Jioni

Mzee_wa_Hoja nakuheshimu sana humu ndani lakini hapo kwenye daktari sikubaliani na wewe hata kidogo. Yule daktari anavuta sigara lakini hajasema "mimi sivuti, na angalieni mapafu yangu". Ushahidi wake uko kwenye tiba, hauko kwenye mwili wake. Huyu dada ushahidi wake NI ndoa yake, ndiyo anayoiuza, bila hiyo ndoa kozi inabaki kuwa maoni ya mtu. Kwa hiyo akiificha ndoa iliyokufa hajaficha faragha peke yake, ameficha kwamba bidhaa haikufanya kazi pale ilipojaribiwa mara ya kwanza.

Mimi nadhani watu wengi tunakosea kwa kuuliza "je, hii picha ni ya kweli?" Ukiuliza hivyo hutafika popote, maana hata selfi isiyo na filta mtu kachagua upande wa uso na mwanga wa dirishani. Mwaka 2014 kuna mwanafunzi wa Uholanzi anaitwa Zilla van den Born, aliwaaga ndugu zake kwamba anasafiri nchi za Asia ya Kusini-Mashariki, kumbe yuko nyumbani kwake Amsterdam wiki kama tano hivi, anaposti picha anaogelea na samaki wa baharini wakati ni bwawa la kuogelea na samaki kawaweka kwa kompyuta, kapiga picha hekaluni kumbe hekalu liko hapo hapo mjini. Mwisho akawaambia wote ukweli, maana lengo lilikuwa kuonyesha jinsi tunavyojitengenezea maisha mtandaoni. Ule ulikuwa uongo mtupu kuanzia juu mpaka chini, lakini nani aliumia? Ndugu walishtuka, basi. Hakuna aliyeuza shamba.

Sasa chukua Belle Gibson wa Australia. Huyo alisema ana saratani ya ubongo na kwamba anaidhibiti kwa chakula na tiba asilia, akatoa programu ya simu na kitabu cha mapishi, watu wenye saratani za kweli wakamfuata. Mwaka 2015 ikajulikana hakuwahi kuugua saratani, na 2017 mahakama ikamtoza faini ya dola 410,000 za Australia kwa kuwahadaa wanunuzi, hasa kuhusu michango aliyodai inaenda kwa wahitaji. Ukiangalia picha zake moja moja nyingi ni picha za kawaida tu, mwanamke anatabasamu kashika bakuli. Unaweza kukuta picha feki isiyo na madhara na picha halisi inayoua, kwa sababu uzito uko kwenye kile ambacho mtu wa upande wa pili anakwenda kukifanya akishaamini.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki. Mfikirie yule anayekusoma, akiujua ukweli wote leo, je kuna kitu alichokifanya kwa ajili yako angetaka kukirudisha nyuma? Kama ni laiki tu, acha ajipambe anavyotaka, apunguze tumbo, aongeze mwanga, na kama kanuniana na mwenzake asubuhi aposti hata picha ya pwani ya mwaka juzi, halinihusu. Lakini kama mtu ametoa hela, au ameacha dawa, au amerudisha nguo kabatini, basi pale hukuwa unajipamba tena, ulikuwa unamfanyia uamuzi bila yeye kujua. Na mleta mada huikati ile kalenda kwa ajili ya urembo wa picha, unaikata ili mtu asijue kitu ambacho angetaka kukijua. Hapo ndipo mlipovuka, na wewe mwenyewe unapajua ndiyo maana umeitaja hiyo kalenda bila kuulizwa.

---

sauti_ndogo

Naomba niwe upande wa kuficha kidogo maana naona mjadala kama huu huwa unaishia watu kusema "kila mtu awe yeye halisi mtandaoni" na hiyo kauli inanitisha. Mimi natumia jina la bandia kila mahali na nina sababu zangu. Kuna wanaojificha kwa sababu ya mwajiri, wengine familia, wengine kuna mtu aliwahi kuwatishia maisha na bado anawatafuta. Korea Kusini walijaribu mwaka 2007 kulazimisha tovuti kubwa zihakiki majina halisi ya wanaochangia, 2011 wadukuzi wakaiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kwenye kampuni moja ya huko, na 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta hiyo sheria. Facebook nao 2014 ilibidi waombe radhi baada ya kuwafungia watu akaunti kwa madai kwamba majina wanayotumia sio halisi, wakati ndiyo majina wanayojulikana nayo maishani.

Kwa hiyo jina la bandia, sura iliyofichwa, mambo ya ndani yasiyosemwa, mimi vyote navitetea. Kisichoteteeka ni kuazima maumivu au ushindi ambao sio wako. Mwaka 2011 kulikuwa na blogu ya binti wa Damascus aitwaye Amina, anaandika kuhusu maandamano ya Syria, dunia nzima inasoma. Siku moja ikaandikwa kwamba amekamatwa, watu wakaanzisha kampeni aachiwe, wengine wakahangaika kumtafuta huku wakijiweka wenyewe hatarini. Kumbe Amina hayupo. Mwandishi alikuwa mwanaume Mmarekani, Tom MacMaster, yuko zake Scotland anasoma, na picha alizotumia ni za mwanamke mwingine wa London asiyejua chochote. Alijitetea kwamba mambo aliyoyaeleza kuhusu Syria yalikuwa ya kweli. Labda. Ila wanaharakati wa kweli wa Syria ndio waliobaki na kazi ya kuthibitisha kwamba wao wapo.

Narudi kwa huyo dada. Msimlazimishe atangaze talaka yake, ni ya watu wawili na yule mwanaume naye ana haki yake hapo. Anaweza kunyamaza kabisa. Anaweza kuposti mafundisho matupu bila picha ya mume, anaweza kusema anapumzika. Kunyamaza ni haki yake, ila akishaandika "asubuhi ya leo" hayuko kwenye kunyamaza tena.

---

wakili_wa_mtaa

Nitaongelea kipande kimoja tu, lile swali la wewe unabeba nini, kwa sababu naona wenzangu wamelipita. Inategemea uko chini ya sheria ya wapi ila mwelekeo wa dunia uko wazi. Norway tangu Julai 2022 tangazo lenye mwili uliohaririwa umbo, ukubwa au ngozi lazima liwe na alama inayosema hivyo. Ufaransa ilitunga sheria ya watu wenye ushawishi mitandaoni Juni 2023, nayo inadai picha zilizohaririwa za matangazo zitajwe. Marekani, Tume ya Biashara yao kwenye mwongozo wa 2023 ilieleza wazi kwamba sio mwenye bidhaa peke yake, hata mawakala na waandaaji wa matangazo wanaweza kuwajibishwa kama wanajua kilichomo ni uongo, na 2024 wakapiga marufuku ushuhuda feki na hata kununua wafuasi feki kwa ajili ya biashara.

Maana yake kwako ni kwamba "niliambiwa niandike" ni utetezi mwembamba, hasa pale kozi inapouzwa kwa picha hiyo hiyo. Na ule mkataba wa siri usikutishe kupita kiasi, unakufunga usitangaze talaka ya mtu, lakini sijawahi kuona mkataba halali unaokulazimisha kuandika uongo. Unaweza kukataa sentensi moja ukabaki na kazi. Kataa kwa maandishi, barua pepe fupi, tunza nakala.

---

mama_Tumaini

Mimi nilikuwa upande wa wasomaji, niseme ya kwangu.

Kulikuwa na wawili fulani nilikuwa nawafuata, sio huyo dada naamini, wengine kabisa. Walipokuja kutangaza kwamba waliachana zamani na posti zote zile za mwisho zilikuwa za kibiashara, watu kwenye komenti walikuwa wanalia kuhusu hela zao. Mimi sikununua kitu kwao. Kilichoniuma ni kwamba kwa muda wote ule nilikuwa nampima mume wangu kwa yule mwanaume. Akija amechoka nasema moyoni mbona fulani anamletea mwenzake maua akiwa amechoka hivyo hivyo. Nilishamwambia maneno ambayo nikiyakumbuka naona aibu kwa niaba ya wote wawili. Kumbe yule wa maua hata hakuwa anaishi pale. Hicho hakuna mahakama itakayokirudisha na wala sijui ningemdai nani.

Kwa hiyo Mzee_wa_Hoja unaposema changanya na zako, sisi tunachanganya, ila tunachanganya na kile tulichopewa. Nikipewa mizani iliyochezewa hata nikiwa makini vipi nitapima vibaya.

Lakini sio hilo lililonifanya niandike. Nimesoma uzi mzima kuanzia juu, mnajadili Australia na Korea, mnajadili mikataba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza yule mama alifungasha nguo KWA NINI. Mtu hafungashi na nguo za watoto kwa sababu mume hamfungi mkufu. Mleta mada hebu rudi kwenye ile meseji usome tena, anasema nini kuhusu huko nyumbani?

---

kalamu_ya_pembeni (mleta mada)

Mama Tumaini nimerudi nimeisoma. Katikati kabisa ya meseji, kabla ya shukrani, ameandika "afadhali siku hizi hanipigi watoto wakiwepo". Imekaa pale kama sentensi ya kupita tu, na kwa kuwa swali lake lilikuwa kuhusu kuvumilia, mimi macho yalikwenda kwenye kuvumilia.

Nimempigia bosi, yaani yule dada mwenyewe, hapo hapo. Sikuanza na maadili wala sheria, nimemsomea ile meseji neno kwa neno. Alikaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza kama huyo mama ameshajibiwa. Nikamwambia hapana na sitamjibu kwa jina lake. Posti ya mkufu amesema niitoe, nimeitoa. Kuhusu kozi bado tunavutana, anasema akiacha kuuza sasa ana madeni ya ukumbi na watu aliowaajiri mimi nikiwemo, na hilo ni kweli. Nimemwandikia kwamba kuanzia leo siandiki "leo" kwenye picha isiyo ya leo na siandiki "mume wangu" kwa wakati uliopo, akitaka sentensi hizo aziandike mwenyewe. Hajanifukuza mpaka muda huu.

Mzee_wa_Hoja usidhani nimeipuuza hoja yako ya sura ya jukwaani. Tatizo ninaloliona kwenye kazi hii ni kwamba inboksi sio jukwaa. Kule juu kwenye ukurasa watu wote wanaona kitu kimoja na ukitaka unaweza kusema ni onyesho, lakini yule mama aligonga mlango wa nyuma akijua anaongea na mtu mmoja, na nyuma ya mlango nilikuwepo mimi nimevaa sauti ya mtu mwingine.

Swali langu sasa ni dogo tu, namjibuje?

---

Mzee_wa_Hoja

Hapo kwenye inboksi nakubaliana na wewe asilimia zote. Bado nasimamia kwamba dada yule hana deni la kueleza talaka yake kwa mtu, na nisingependa uzi huu uwe mahakama yake. Lakini kujibu siri za mtu kwa jina lisilo lako, hapana. Hata Goffman angesema nyuma ya jukwaa haendi mtu aliyevaa vazi la onyesho.

Nilisema yule mama ana tatizo ambalo wewe hukulileta. Ndivyo ilivyo, ila posti ilimwambia tatizo lake dawa yake ni kukaa.

---

Nuru_ya_Jioni

Mleta mada andika mapema, usingoje kupata maneno mazuri. Anza kwa kumwambia anayemwandikia sio dada mwenyewe bali ni mtu anayemsaidia na ukurasa, meseji yake mmeisoma nyie wawili tu. Kama bosi yuko tayari kuandika mistari miwili kwa mkono wake, iongeze na useme hii ni ya kwake. Usimwambie abaki, usimwambie aondoke, hujui nyumba yake ilivyo na kuondoka penyewe huwa ndio wakati wa hatari kubwa kwa mwanamke anayepigwa. Mwambie tu kwamba ile posti isiwe sababu ya uamuzi wake, kwamba mambo aliyoyaona pale hayakuwa ya asubuhi ile, na hapo hujavunja siri ya mtu yeyote.

---

mama_Tumaini

Naongeza moja. Kabla hujamtumia chochote cha maana, tuma kwanza salamu ya kawaida kabisa, "habari, tumepata ujumbe wako kuhusu kozi, ni muda gani mzuri wa kuwasiliana?" Wanaume wa namna hiyo wengi wanakagua simu, na meseji ikimulika mbele yake yenye neno "kupigwa" itamletea mama matatizo usiku huo huo. Akijibu kwamba yuko peke yake ndiyo umuulize kama simu ni salama, halafu umpe namba ya watu wanaosaidia wanawake kwenye nchi yake, umwambie aihifadhi kwa jina lingine au aishike kichwani, na ile meseji yake ya mwanzo aifute upande wake.